Mishale Mitatu kwenye Karatasi ya Mama

Jumanne ile Pini alijua kuna jambo kabla hajafungua mlango, kwa sababu cherehani ilikuwa kimya. Siku zote akitoka shule huisikia tangu kwenye kibanda cha kinyozi: inakwenda, inasita, inakwenda tena. Hapo hujua mama yuko kwenye kola, maana kola humsitisha hata fundi mzoefu. Siku hiyo hakusikia kitu. Sketi ya sare ilikuwa bado chini ya sindano, nusu imeshonwa, na kiti cha mama kilikuwa kitupu.

Mama alikuwa chumbani, amejifunika mablanketi mawili mchana wa jua kali, anatetemeka hadi meno yanagongana. Siku nne nyuma sindano ya cherehani ilimkatikia kidoleni. Alikifunga kidole kwa kipande cha bitana akaendelea na kazi, na Pini alipouliza, alijibiwa kuwa ni mchubuko tu. Sasa mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Pini alimkimbilia kinyozi, naye akamwacha mteja aliyenyolewa upande mmoja, akaja mbio, wakampeleka mama hospitalini. Daktari alisema maambukizi yameingia kwenye damu. Alisema pia kwamba wangengoja hadi kesho yake, angekuwa na maneno mengine ya kuwaambia.

Mama alilazwa siku tisa, na siku hizo Pini alilala kwa mke wa kinyozi. Mama aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, gauni linamcheza mwilini, na kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Pini alichukua futi ya kupimia, akamzungushia kiunoni, akamtania kwamba gauni lile sasa linatosha watu wawili, alipunguze. Mama alicheka kidogo.

"Mtu aliyetoka kuugua hakatiwi nguo kwa kipimo cha siku moja," alisema. "Unaandika, unangoja, unampima tena. Ukikata leo, mwezi ujao umeharibu kitambaa cha watu."

Alikuwa amepewa vidonge vya kutosha hadi Ijumaa. Siku hiyo alitakiwa amwone daktari akiwa na majibu ya kipimo kipya cha damu, ndipo iamuliwe kama dawa ziendelee au zikome. Damu ilitolewa Jumatano. Alhamisi, kwa kuwa miguu yake ilikuwa bado haina nguvu, mama alimtuma Pini akayachukue majibu kwenye dirisha la maabara. Mpimaji alimkabidhi bahasha, akamwambia kuwa ya ndani atayasoma daktari.

Pini aliifungua kabla hajafika getini.

Karatasi ilikuwa na safu ya majina, safu ya namba, na pembeni kabisa mishale mitatu myeusi. Chembe nyeupe za damu: mshale juu. Chembe zinazogandisha damu: mshale juu. Wingi wa damu: mshale chini. Pini aliisoma mara ya kwanza amesimama, mara ya pili amekaa ukingoni mwa mtaro. Mama si alikuwa amepona? Si aliruhusiwa kwenda nyumbani?

Mara ya mwisho kuona karatasi ya namna hiyo ilikuwa ya baba. Aliiona kwa mbali tu, mkononi mwa mama, kisha ikakunjwa na kuwekwa juu ya kabati. Pini aliambiwa baba amechoka. Mwezi haukuisha, baba akazikwa, na hakuna aliyewahi kumwambia karatasi ile ilisema nini.

Alipopita kwa kinyozi, alimuuliza, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida, chembe nyeupe zikizidi kwenye damu maana yake nini. Kinyozi alisimamisha mashine hewani. Hakuna asilolijua kinyozi huyu, kuanzia mpira hadi mambo ya mwezini.

"Hiyo ni saratani ya damu, mwanangu. Niliisoma kwenye simu. Ni ya somo gani?"

"Sayansi," alisema Pini, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Nyumbani mama aliuliza majibu yako wapi. Pini alisema hayajatoka, wameambiwa warudi wiki ijayo. Hakungoja usiku; mama alipoingia tu kuoga, Pini aliikunja karatasi na kuitia ndani ya kopo la vifungo, akavichota vifungo na kuifunika. Ijumaa ikapita. Mama alimeza kidonge cha mwisho, akasema atawangoja wa maabara.

Jumapili asubuhi mama alitaka kujaribu kazi. Alikaa kwenye cherehani, akaiweka sawa ile sketi, akamwomba Pini amletee kopo la vifungo. Pini hakusogea. Aliitazama mikono ya mama ikitafuta uzi, akaona inatetemeka tena. Alimgusa shingoni. Ilikuwa ya moto.

Alilileta kopo, akalimimina lote juu ya meza. Vifungo vikatawanyika hadi sakafuni.

"Nimeificha mimi," alisema. "Una saratani ya damu, mama. Sikutaka ujue."

Mama aliichomoa karatasi katikati ya vifungo, akaikunjua.

"Nani kasema?"

"Kinyozi."

"Kinyozi," alirudia mama, polepole. "Haya. Niletee viatu."

Siku hiyo hiyo walikuwa mbele ya daktari. Yeye hakucheka wala hakugomba. Alikifungua kidole, akakuta bado kuna usaha kidogo, akaandika dawa za wiki nzima zaidi. Akasema wangengoja hiyo wiki ijayo, angemlaza tena. Kisha akatoa karatasi ya siku mama alipolazwa, akailaza kando ya ile mpya.

"Siku ile chembe nyeupe zilikuwa karibu mara mbili ya hizi," alimwambia Pini. "Zinashuka. Hizi za kugandisha damu hupanda mtu anapopona maambukizi makubwa, halafu hurudi. Na damu yenyewe hupungua mtu akiugua sana, huchelewa kurudi. Mshale unakwambia namba imetoka nje ya kawaida. Haukwambii kwa nini. Siwezi kukuahidi kitu kwa karatasi moja, ndiyo maana nitampima tena baada ya wiki mbili."

"Kama kipimo cha mtu aliyetoka kuugua," Pini alisema kwa sauti ndogo.

"Nani kakufundisha hivyo?"

Pini alimtazama mama.

Njiani walipumzika kwenye benchi nje ya duka la dawa. Mama alizungumza akitazama barabara.

"Karatasi ya baba yako ilikuwa ya ini. Nilijua, nikakuficha, nikadhani nakuhurumia. Kidole nikakificha pia, nikalazwa siku tisa. Sasa na wewe umeficha, nimekaa siku mbili bila dawa. Hukuyabuni haya, mwanangu, uliyaona kwangu." Alivuta pumzi. "Ugonjwa ukifichwa hauondoki, unapata nafasi tu. Kuanzia leo karatasi ikiingia nyumba ile tunaisoma wawili, na tusipoelewa tunamuuliza aliyesomea. Kinyozi tutamuuliza habari za nywele."

Pini alilia kwa ajili ya baba hapo kwenye benchi, kwa mara ya kwanza akijua analia kwa sababu gani.

Karatasi zote mbili sasa zimebanwa kwa pini ukutani, juu ya cherehani, na kando yake imeachwa nafasi ya karatasi ya tatu. Mama anashona asubuhi tu, mchana analala. Kipimo kingine ni Jumatatu ya wiki ijayo, na Pini ameshaomba ruhusa shuleni.