Ndege ya Jumamosi

"Hiyo ndege umeitoa wapi?"

Wifi yangu alishtuka mpaka mfuko wa sukari ya kupambia ukamponyoka. Mbele yake trei nzima ya biskuti... na pembeni ya trei, ndege ya marehemu baba yangu. Ile ile niliyoitafuta tangu juzi yake. Chini ya vitanda, ndani ya pipa la unga, mpaka kwenye mfuko wa taka nilitia mkono mimi.

Kumbe mwizi nakula naye sahani moja.

Jamani, najua kuna mtu huko ameshaanza kuwaza kiwanja cha ndege. Tulia, nikueleze.

Mimi naoka biskuti nyumbani. Nina droo imejaa vikatio, vile vibati vya maumbo unavyobonyeza kwenye unga uliokandwa. Moyo, nyota, mti, kengele. Vyote vya dukani, isipokuwa kimoja. Baba yangu alikuwa fundi bati, na nilipokuwa mdogo nilimsumbua anitengenezee ndege. Akanitengenezea ndege wa porini, mabawa kayatandaza, mdomo chini, anatua.

Nikalia, nikagaragara. Mimi nilitaka ndege ya kupanda watu.

Baba hakubishana. Alikishika kile kibati, akakigeuza, mdomo ukaangalia juu.

"Haya, hiyo inapaa. Panda."

Nikacheka na makamasi yangu. Baba ameshaondoka duniani, ndege imebaki. Ukiniambia nichague kati ya hiyo ndege na nyumba, nitakuomba unipe muda nifikirie.

Sasa wifi. Huyu ni dada wa mume wangu, tulikuwa tunaishi naye. Mikono yake haijui kutulia! Mimi vikatio nakatia biskuti, yeye anakatia sabuni, anakatia mishumaa, anakatia hereni za udongo. Anavichovya kwenye rangi anapiga mihuri kwenye kadi. Asubuhi utamkuta anakaanga yai ndani ya nyota, eti lipendeze.

Na ana wimbo wake mmoja tu: "Wifi, geuza uone."

Kageuza mti juu chini, kaupaka rangi ya chungwa, karoti hiyo. Nyota kaiwekea kichwa, mtu anacheza muziki. Wateja wangu wakija, wanamsifia yeye. Mimi natabasamu, moyoni pananifukuta.

"Bati la chakula lisiguse udongo," nilimwambia. "Na ndege ya baba, usiiguse kabisa."

"Sawa wifi."

Basi wiki ile akabadilika. Chakula anakichezea tu. Nikiingia chumbani kwake, anakata simu. Mara mbili alinifuata jikoni akasema, "Wifi, nina neno," na mara zote mbili nilikuwa na oda ya watu motoni, nikamwambia neno lake lisubiri.

Katikati ya wiki, ndege ikapotea kwenye droo.

Kesho yake napita mlangoni kwake, nasikia sauti ya chini chini...

"Ndege ni Jumamosi? ... Na yeye asijue? ... Umenitwika dhambi, bora nisingejua."

Jumamosi ndiyo siku yake ya kwenda sokoni kuuza kazi za mikono. Kwa hiyo anaipeleka ndege yangu sokoni, na ana mwenzake wa kumpokea!

Nikampigia Besti. Huyu ni fundi wa saluni, nywele zake kazipaka nyekundu ya pilipili, ukimwona kwa mbali unajua ni yeye. Siri zangu zote anazo. Nikianza kulia, yeye anamalizia.

"Mfukuze," akasema, hata sijamaliza kueleza.

"Nimfukuze hivi hivi?"

"Hivi hivi. Huyo ukimwacha atakuibia mpaka mume."

"Besti, mume ni kaka yake."

Akakohoa.

"Namaanisha atakuchonganisha naye. Mtoe kabla ya Jumamosi."

Mimi nikaona ni maneno ya mtu anayenipenda.

Ndiyo maana Ijumaa ile nilipomkuta na ndege mezani, sikuwa na breki.

"Nilikukataza."

"Wifi, ziangalie kwanza." Akaionyesha trei kwa kidole. "Nakuomba, ziangalie vizuri."

Nikaangalia. Nilikuwa nimesimama upande wangu wa meza, yeye upande wake. Nikaona ndege wa baba yangu wamelala kwenye trei, mdomo chini, mwilini kawajaza vidoa vyeupe, na kichwani kila ndege macho mawili. Jicho moja jeusi, jingine jekundu. Kapamba kama mtu aliyefumba macho.

"Umeiba, na bado umeharibu."

"Wifi, geuza..."

"Usiniambie geuza! Geuza mwenyewe, uelekee mlangoni."

Mume wangu akatokea. Nikajua sasa hapa ni vita, damu nzito kuliko maji. Akaziangalia biskuti juu juu, akamwangalia dada yake, akavua miwani akaifuta na shati.

"Mke wangu kasema," akasema. "Nenda."

Moyoni nikasema, mume ndiye huyu.

Wifi hakubishana. Alikichukua kile kikatio, akakiosha, akakikausha kwa kanga yake, akanipa mkononi. Akabeba begi. Alipofika mlangoni akanigeukia.

"Usizitupe wifi. Tafadhali."

Sikuzitupa. Nilifanya kubwa zaidi.

Jumamosi asubuhi mume alikuwa na safari ya kikazi, ya siku mbili tu, kwa basi. Begi lake lilikuwa kubwa, nikamuuliza, akasema ni vifaa vya ofisi. Kama mke mwema nikachukua mkebe, nikapanga zile biskuti, nikamwekea kwenye begi la mkononi.

"Utakula njiani."

Akanikumbatia. Akanikumbatia muda mrefu... nikaona leo mapenzi yamerudi.

Akaondoka. Nyumba ikawa kimya, nami sikuweza kukaa. Nikafagia palipofagiliwa. Nikafungua friji nikafunga. Nilipaswa kufurahi, ndege ninayo, mwizi hayupo, lakini mwili unakataa. Nikazunguka meza, nikakaa. Ndipo nikagundua nimekaa kwenye kiti cha wifi.

Kwenye trei ilibaki biskuti moja.

Kutoka upande ule, mdomo wake ulikuwa juu.

Nikainama karibu. Vile vidoa vyeupe havikuwa manyoya. Vilikuwa vimepangwa mstari, na kila kimoja kina pembe nne. Madirisha. Na yale macho hayakuwa macho. Yalikuwa vichwa viwili kwenye dirisha la mbele, vimeegemeana. Kimoja cheusi, kina miwani na ndevu. Kingine kina nywele... nyekundu ya pilipili.

Ndege ni Jumamosi.

Nikapiga simu ya mume. Haipatikani. Ya Besti. Haipatikani. Nikatoka na kandambili, biskuti mkononi, mbio mpaka saluni. Mlango umefungwa, pazia limetolewa, ndani hakuna hata kiti. Fundi viatu wa jirani akaniangalia kwa huruma.

"Amehama asubuhi. Hakukuaga?"

Sijui nilifikaje sokoni. Wifi alikuwa nyuma ya meza yake ya sabuni na mishumaa, macho yamevimba. Nikaiweka ile biskuti mezani, mdomo juu.

Akaitazama, akashusha pumzi.

"Umechelewa wifi. Imeshapaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliwakuta wawili pale wanapokata tiketi za ndege. Kaka akaniapisha kwa kaburi la mama yetu nisifungue mdomo. Mara mbili nilitaka kukivunja kiapo, nikakufuata jikoni, ukanifukuza. Ya tatu nikaogopa."

Akainua macho.

"Lakini niliapa sitasema wifi. Sikuapa sitaoka."

Nilikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, nikalia kilio cha kugaragara. Maana katika dunia nzima, mtu mmoja tu alifundishwa tangu utotoni kwamba ile ndege ukiigeuza inapaa. Mimi. Wifi alijua hadithi hiyo, nilimsimulia mwenyewe. Alichukua kitu pekee alichojua nitakielewa, nami nikamtupia begi nje.

Nilimwomba msamaha mbele ya wateja wake. Akaninyanyua, akanifuta vumbi, akasema, "Twende nyumbani, hapa tunafukuza wanunuzi."

Jioni tunakunywa chai, simu yangu ikalia. Ujumbe, namba ya nchi nyingine. Nikadhani ni talaka. Nikadhani ni "nisamehe."

Ulikuwa na maneno matatu.

"Hizi kapamba nani?"

Nikamsogezea wifi asome. Tukatazamana... halafu kicheko kikatutoka, kicheko cha kulia. Kumbe huko angani bwana kafungua mkebe niliompa kwa mkono wangu, kajikuta yumo dirishani na miwani yake, na pembeni yake huyo mwenye nywele nyekundu naye anajiona. Mkebe mzima, kila biskuti wamo!

Sikumjibu. Wifi ndiye aliyejibu, maana kiapo kilikuwa cha mdomo tu.

"Geuza uone."

Ndugu zangu mnaonisoma, mimi lile neno nililichoka, sasa nimelibandika jikoni. Mtu akikuwekea kitu mbele ukaona kibaya, kabla hujamtupia begi nje, zunguka meza. Kaa kwenye kiti chake. Kitazame kutoka pale alipokaa yeye.

Na wewe unayekimbilia ushauri wa besti... hebu mwangalie vizuri nywele zake.