Kengele ya Chini ya Sifuri

Kengele ya mashine ya hesabu ililia mara ya pili, na safari hii chumbani hamkuwa na mtu.

Wietske Hoekema na mumewe, Folkert, walikuwa jikoni wakinywa kahawa ya saa nne, ambayo mjini Leeuwarden haisubiri kazi. Kwa miaka mingi walikuwa wakichunguza namba moja kubwa, wapate kujua kama ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Mashine yao iligawanya kwa kutoa na kutoa tena. Ikipita chini ya sifuri, kengele hulia, vidirisha vya namba hujaa tisa tupu, na mwenye kazi hurudisha mkono wa mashine mzunguko mmoja. Asubuhi ile kengele ililia, Folkert akamwita Wietske kwenye kahawa, naye akaondoka bila kurudisha.

"Panya huyo," alisema Folkert.

"Panya anayejua kugawanya?"

"Basi aje atusaidie."

Akaenda kutazama, asirudi. Wietske alimkuta ameketi akizungusha mkono wa mashine, na chumba kilinuka chuma cha baridi.

"Hauniachii," alinong'ona. "Kuna mtu ananivuta kutoka chini."

Mchungaji Ubbo Reitsma aliitwa. Aliomba, na kila aliposema amina kengele ilimwitikia, hata akavaa kofia yake, akamwambia Wietske kwa sauti ndogo kwamba mambo ya namba hakusomea. Folkert hakula, hakulala, midomo ikamgeuka rangi ya majivu, na mkono wake ukaendelea kuzunguka hata alipofumba macho, hata mkewe alipoung'ang'ania na kulia na kuwaita majirani, ambao walisimama mlangoni, wakasikia ile kengele, wakarudi makwao bila kuagana.

Ndipo Wietske alipokumbuka ule mzunguko ambao hakuurudisha. Akaushika mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili, akauzungusha kinyume.

Kengele ikalia. Tisa zote zikaondoka, zikabaki sifuri tupu. Folkert akafumbua macho, akatabasamu.

"Imegawanyika, mke wangu. Haikuacha baki."

Wietske alimkumbatia akilia kwa furaha. Kisha, juu ya bega lake, akaisoma mashineni namba iliyoigawanya ile yao. Iliishia na tano.

Namba yao iliishia na saba. Ukizidisha chochote kwa namba inayoishia na tano, jibu litaishia na tano au sifuri. Mtoto wa shule anajua hilo. Folkert aliyafundisha hayo maisha yake yote, wala asingeyakosea.

"Hukufurahi?" aliuliza yule mtu, bado anatabasamu.

Chini kabisa ndani ya mashine kengele ililia polepole, kama mtu aliyevutwa chini anayebisha akiwa amechoka. Wietske alijinyosha aushike mkono wa mashine, lakini yule mtu akamtangulia kuushika, kwa upole.

"Kahawa yetu inapoa," akasema.

Wietske akaenda kumimina vikombe viwili.