Naomba Nimwone Mama Yake

Bi Noreen anasema mbwa wake mdogo aliuawa na mzee Pascoe. Anasema mzee huyo, jirani yake wa nyuma, alimwaga sumu ya kuulia konokono kwenye letusi zake, na mbwa akapenya uani kwa mzee akailamba. Alikufa siku tisa tu baada ya kuletwa nyumbani. Tangu hapo Bi Noreen hamsalimii mzee Pascoe, hata wakigongana mlangoni pa duka la mikate.

"Lakini aliyeniuzia hana kosa," alimwambia jirani yake Bronwyn. "Bwana mwema sana! Aliniambia, mama, usihangaike kuendesha gari kwa muda wa saa nne, tukutane nusu ya njia. Akaniletea mpaka kituo cha mafuta. Chukua namba yake."

Bronwyn akaichukua. Rusty, mbwa wa Bronwyn na mumewe, alikuwa amekufa kwa uzee wakati wa baridi. Binti yao Tilly, wa miaka saba, ndiye aliyemfukia kwa mikono yake mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuwa na raha. Bwana Grant, yule muuzaji, alikuwa na mtoto wa mbwa mweupe wa wiki nane. Wakapatana: Jumamosi, kituo kilekile cha mafuta.

Alhamisi Bronwyn alipeleka mataulo ya Rusty kwenye makao ya mbwa waliotelekezwa. Leonie, mfanyakazi wa pale, alikuwa akiosha mabanda. Bronwyn akamsimulia kisa cha Bi Noreen. Leonie akafunga bomba.

"Aliumwa siku ngapi?"

"Nne. Kutapika, na kuharisha damu."

"Sumu ya konokono haikawii hivyo, dada. Saa chache tu mbwa anatetemeka mwili mzima. Hali hiyo inafanana na ugonjwa wa matumbo wa watoto wa mbwa wasiochanjwa. Huenda alitoka nao alikozaliwa. Bi Noreen alimwona mama yake?"

"Atamwonea wapi? Si aliletewa njiani?"

"Basi ndiyo sababu ya kuletewa. Angefika kule, angeona."

"Angeona nini?"

Leonie akamwonyesha banda la mwisho. Mbwa jike wa kahawia alikuwa amejibana ukutani. Chuchu zilining'inia. Kucha zilikuwa ndefu mpaka zimejikunja.

"Anaitwa Pip. Aliishi kwenye kizimba cha waya, akizalishwa kila unapofika wakati wake wa kupandwa. Alipochoka, walimtupa langoni kwetu. Kila mtoto anayenunuliwa, mama yake anawekewa dume tena. Ukitaka mtoto wa mbwa, nenda ukamwone mama yake pale anapolala. Wakikukatalia, ondoka. Au njoo hapa. Sisi tunawachanja na kuwafunga uzazi kabla hawajaondoka."

Bronwyn akapiga magoti. Akanyoosha mkono, akangoja. Pip hakusogea, ila pua yake ilicheza.

Jioni mume wake Darcy akampigia simu Grant, spika ikiwa wazi ili wote wasikie.

"Tutakuja wenyewe, kaka. Tunataka kumwona mama yake."

"Ah, usijisumbue. Huku ni matope matupu."

"Tuna mabuti."

"Mama yake yuko kwa dada yangu."

"Basi tutapita kwa dada yako. Tutaleta na keki."

"Sikiliza, kuna wengine wanamtaka huyu mtoto. Mnamchukua au hamumchukui?"

Darcy akamtazama Tilly. Machozi yalikuwa tayari yanamtoka.

"Hatumchukui," Darcy akasema.

"Na yule mtoto je?" Tilly akalia.

Bronwyn akampakata. "Tukimnunua, mama yake atabaki mle mle, mwanangu. Namba hii nampa Leonie. Ataipeleka kwa maafisa wa wanyama, wakakague."

Jumamosi walikwenda makaoni kwa Leonie, wakarudi na Pip. Wiki nzima alilala nyuma ya mashine ya kufulia. Nyasi zilimtisha, alikuwa hajawahi kuzikanyaga. Tilly alikaa uani kila siku baada ya shule, kimya, na kipande cha kuku mkononi. Siku ya kumi na tisa Pip akaweka mguu mmoja kwenye nyasi. Kufikia Krismasi alikuwa akibiringika juu ya nyasi hizo, tumbo juu, na Tilly akicheka mpaka kwikwi.

Bi Noreen alimtazama Pip kutoka barazani kwa Bronwyn, kikombe cha chai mkononi. Bronwyn alikuwa amemweleza yote aliyosema Leonie.

"Kumbe mzee wa watu nimemnunia bure," akasema. "Lakini Grant siwezi kumhukumu bila kumuuliza."

Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, akisoma kwa sauti: "Bwana Grant, ni Noreen. Nataka mbwa mwingine. Safari hii nitakuja mwenyewe mpaka kwako. Naomba nimwone mama yake."

Alama ikaonyesha kwamba ujumbe umesomwa.

Bronwyn akamwongezea chai. Wakainywa. Ikaisha. Darcy akachungulia dirishani: "Kajibu?"

Bi Noreen akamgeuzia simu: alama ileile tu, hakuna neno. Alikuwa bado ameishika simu, akimtazama Pip.