Namba za Kichaka cha Makaburini

Huwaida aliandika namba sitini na mbili za uongo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu, alijua anachofanya, na aliziandika kwa mwandiko mzuri.

Ilikuwa likizo ya Agosti katika kijiji cha Mtondoni, kisiwani Pate. Kila asubuhi baada ya chai, Huwaida na rafiki yake Asmaa walikwenda kuwasaidia wapimaji wawili kutoka Nairobi, Bi Nerea na Bwana Hesbon. Wapimaji hao walikuwa wakitafuta mji wa kale. Wazee wa Mtondoni walisema mji ulikuwepo, lakini hakuna aliyejua nyumba zilisimama wapi.

Hesbon alirusha droni ikapiga picha kutoka juu. Kompyuta ilizigeuza picha hizo kuwa ramani ya miinuko. Palipo chini palipakwa buluu, palipoinuka palipakwa nyekundu.

"Nyumba ikianguka haipotei," Bi Nerea aliwaeleza wasichana. "Kifusi hukaa chini ya udongo, na ardhi hubaki imevimba kidogo. Wewe ukipita huoni. Kompyuta inaona."

Lakini penye kichaka droni iliona majani tu. Huko ilibidi watu waingie kwa miguu. Asmaa alivuta kamba yenye fundo kila baada ya mita tano. Huwaida alisimamisha fimbo ya kupimia kwenye kila fundo, akasoma urefu kwenye kifaa kilichofungwa juu yake, akaandika daftarini. Kazi haikuwa ngumu, ila haikwisha. Fundo, fimbo, namba. Fundo, fimbo, namba.

Siku ya nne walifika kichaka cha makaburini. Pale wamezikwa masharifu wa zamani, na mtu wa Mtondoni haingii na viatu. Wapimaji hawakulijua hilo, na wasichana hawakuwaambia. Walivua ndara wakaingia. Chini palijaa miiba mikavu.

Baada ya mafundo saba Asmaa alikaa chini akaushika mguu wake.

"Mimi basi," alisema. "Huu ni unyayo, si ubao wa kupigia misumari."

"Bado mafundo mengi."

"Basi vaa ndara uingie. Nyanya yako akisikia, utamweleza wewe."

Huwaida alikuwa amechoka. Jua lilikuwa utosini. Aliogopa kurudi na kurasa tupu, kwa sababu Bi Nerea angeweza kuwachukua watoto wengine. Alikaa kando ya Asmaa, akaitazama namba ya mwisho, akaongeza kidogo. Kisha akaongeza kidogo tena.

"Unaandika nini?" Asmaa aliuliza.

"Ardhi ni ardhi. Itakuwa inapanda hivi hivi."

Jioni namba ziliingizwa kwenye kompyuta. Kichaka cha makaburini kilitokea kama mteremko laini, hakuna uvimbe wowote. Mwinuko pekee uliobaki kwenye ramani ulikuwa katika shamba la mihogo la Bi Hadia, mjane aliyekula kutokana na shamba hilo.

Bi Nerea alikwenda kumwomba ruhusa ya kuchimba.

"Mihogo ina miezi mitano, haijakomaa," Bi Hadia alisema. "Lakini kama mui, mji wa wazee wetu, uko hapo, chimbeni."

Bi Nerea alitaka kumlipa. Bi Hadia alikataa. Alisema mtu hauzi wazee wake.

Wanaume wanne waling'oa mihogo, wakachimba. Mmoja wao alikuwa Badawi, mjomba wake Huwaida. Kazi ya Huwaida sasa ilikuwa kuwapelekea maji. Siku ya kwanza walitoa mchanga. Siku ya tatu walitoa mchanga. Kila asubuhi Bi Hadia alikuja, akasimama ukingoni mwa shimo, akatazama, akaenda zake.

"Mjomba, mmeona chochote?" Huwaida aliuliza siku ya tano.

"Nimeona mgongo wangu hauna thamani," Badawi alijibu. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. "Lete maji."

Huwaida alimwendea Asmaa kisimani, akamwambia anataka kusema.

"Ukisema, na mimi nitaambiwa mvivu," Asmaa alisema.

"Wewe hukuandika."

"Nilikuona ukiandika. Ni yale yale."

Siku ya sita, alasiri, Bi Nerea alikaa juu ya lundo la mchanga. "Fukieni," aliwaambia wanaume. "Ni tuta la mchanga uliorundikwa na upepo tu. Tumebakiwa na siku nne za kibali. Nitaandika kwamba Mtondoni hapakuwa na mji."

Huwaida aliweka ndoo chini. "Zile namba za makaburini si za kweli," alisema. "Nilizitunga. Tuliingia kidogo, miiba ikatuchoma, nikakaa nikaandika."

Badawi aliacha kufukia. Wenzake pia.

Bi Nerea alifungua daftari, akazisoma polepole. "Zinapanda sawasawa kama ngazi," alisema. "Ardhi ya kweli haina adabu hivi. Hata mimi nilipaswa kushtuka. Mbona hamkuvaa viatu?"

"Pale havivaliwi."

"Ungeniambia, tungefagia miiba kwanza."

Kesho yake walifagia. Hesbon naye alivua viatu. Wasichana walipima upya kwa siku mbili, fundo kwa fundo. Safari hii ramani ilionyesha vivimbe vyenye pembe nne, vimepangwa mistari miwili, na kati yake uwazi kama njia. Ulikuwa mji. Walichimba shimo moja tu, mbali na makaburi, wakakuta ukuta wa mawe ya matumbawe na vigae vya vyungu. Walipoanza kuufuata ukuta, kibali kikaisha.

Siku hiyo Badawi alimpeleka Huwaida kwa Bi Hadia. Msichana alibeba vipande vya miti ya mihogo vya kupanda, akaomba radhi.

"Muhogo hausikii radhi," Bi Hadia alisema. "Weka hapo. Kesho alfajiri uje na jembe." Kisha akamtazama. "Kuchoka si dhambi, mwanangu. Mimi nimechoka tangu hujazaliwa. Ungeacha kurasa tupu, yule mama angeona pengo, angerudi kupima. Wewe ulilijaza uongo, pengo likafichika, watu wakaenda kuchimba kwangu. Kazi iliyokushinda, sema imekushinda."

"Ndiyo, Bi Hadia."

Huwaida na Asmaa walipanda upya shamba lote, asubuhi tano mfululizo. Wapimaji walikuwa wameshaondoka, na hawakusema watarudi lini.

Mihogo iliyong'olewa ilikuwa mashina mia moja na arobaini. Bi Hadia atangoja karibu mwaka mzima kabla ya kuvuna hapo tena. Wanaume wanne walichimba mchanga siku sita. Kupima upya kulichukua siku mbili. Mji wenyewe ulipata siku mbili zilizobaki, shimo moja, na ukuta wa hatua tatu.