Uso wa Begum Dilaram

Nguo za Begum Dilaram zilifika zikinuka kafuri. Shagufta alizinusa, akakunja pua, kisha akazivaa.

Baba yake, Ustadhi Zamurrad, alikuwa mchoraji wa wakubwa wa Lucknow nzima. Mabegum, wake wa wakubwa hao, hawakukaa mbele ya mwanamume wa nje. Walituma nguo na vito, Shagufta akavivaa na kukaa badala yao. Uso Ustadhi aliuchora kwa maelezo ya kijakazi: pua hivi, nyusi vile.

"Kaa kama mwenye vijakazi arobaini," alimwambia.

"Na mwenye vijakazi arobaini akiwashwa pua, Baba, anamwita yupi?"

Walicheka. Ila safari hii kijakazi aliacha furushi mlangoni akakimbia bila kueleza lolote. Picha ilitakiwa upesi. Ustadhi akachora uso wa binti yake.

Siku alipomaliza macho, Shagufta hakuinuka kitini. Adhuhuri ile ya joto kali mwili wake ulikuwa baridi, na kifuani mwake ikatoka sauti nzito ya kiume, ikibembeleza, "Dilaram, umerudi, Dilaram," huku harufu ya kafuri ikijaa chumba, ikiingia mpaka kwenye maji ya mtungi, hata Ustadhi alipokunywa akahisi anameza udongo wa kaburi.

Akamwita Bi Ruqaiya, mtoa majini wa mtaani.

"Wamekuficha jambo, Zamurrad," alinong'ona. "Huyu Begum kafa mwaka jana. Jini aliyempenda anamtafuta, nawe umempa uso."

"Nifanyeje, dada?"

"Ukwangue pichani. Lakini uso utakaoukwangua kwa mkono wako, macho yako hayatauona tena. Namaanisha wa mwanao."

Ustadhi alimtazama Shagufta kwa muda mrefu: kidoa chini ya mdomo, jino lililomeguka, nyusi za marehemu mama yake. Kisha akashika kisu. Rangi ilipodondoka, ile sauti ililia kama mume anayefiwa mara ya pili, ikafifia, ikatoka dirishani.

Shagufta akapiga chafya. "Nina njaa. Baba, mbona unatazama ukuta?"

Ustadhi akageuka. Chini ya ushungi palikuwa na ngozi tupu, laini, kama kitambaa kisichoguswa na rangi. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaipata pua, midomo, na shavu lenye joto.

"Unanionaje, Baba? Nimekonda?"

"Umependeza, mwanangu," akasema, akafumba macho.