Sukari ya Bibi wa Saa Mbili

Asubuhi hiyo ilikuwa kama nyingine, ila Chiriku hakuruhusiwa kula. Mtoto wa miaka minne, mdomo wake haupoi ndiyo maana akapewa jina hilo, alilalamika njia nzima, na mama yake akambembeleza njia nzima, moyoni akiomba kifafa kisimwangushe kabla hawajafika hospitali.

Walikuwa na mashine mpya pale. Zamani zilikuwa mbili, vyumba viwili: ya sumaku ikipiga picha ya ubongo wenyewe, na ya pili ikionyesha ubongo unavyokula sukari ya mionzi anayochomwa mgonjwa, wapi sana, wapi kidogo. Chiriku alishapitishwa zote mbili, na picha zikakataa kukaa moja juu ya nyingine, maana kichwa kilikuwa kimegeuka. Sasa mashine zimeunganishwa kuwa tundu moja, picha mbili kwa mpigo. Daktari hakumung'unya maneno: wakipaona kifafa kinapoanzia, watampasua, atapona. Wasipopaona, ni vidonge vilevile, na vidonge vilishashindwa.

Mgonjwa pale huitwa kwa saa yake.

"Saa Tatu, leo mna bahati, mnaingia mapema," alisema mpiga picha, baba wa makamo mwenye masihara. "Bibi wa Saa Mbili haji."

"Kaahirisha?"

Akashusha sauti. "Kafariki alfajiri. Sukari yake ile pale kwenye kasha, imeshatiwa mionzi. Na ile haiwekwi akiba, mama. Ikifika jioni imeisha nguvu yenyewe."

Chiriku akachomwa sindano yake ya sukari, akalazwa saa nzima kwenye chumba cha giza, akapewa dawa ya usingizi, akaingizwa kwenye tundu. Mama akavua hereni, pini, kila chenye chuma, akakaa miguuni pa mwanawe, masikio yamezibwa. Sumaku ikaanza kugonga. Ga, ga, ga. Hakumgusa mtoto. Hata ukucha.

Walipotoka, mpiga picha hakutania tena.

"Ulimshika kichwa?"

"Sikumshika."

"Na hata ungemshika, wewe usingeng'aa. Hujachomwa sukari."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Picha ya sumaku: kichwa, basi. Picha ya sukari: kichwa, na juu yake mkono. Vidole vitano. Vimekonda. Cha shahada kimepinda. Mkono hauna bega. Hauna mtu.

Akaziweka picha moja juu ya nyingine. Safari hii zilikaa sawasawa.

Akaliendea kasha. Lakiri ilikuwa nzima. Akaivunja. Sindano ilikuwa na kifuniko chake.

Ilikuwa tupu.

"Nitaandika mtoto alitikisika," alinong'ona. "Nenda nyumbani, mama."

Basi hapakuonekana mahali pa kupasua. Lakini kifafa kilikoma siku hiyohiyo. Wiki moja, mbili, tatu. Majirani wakasema vidonge hatimaye vimekubali, na mama akaitikia, ndiyo, vimekubali, angesema nini? Ila Chiriku alikuwa amenyamaza. Na alilala vibaya. Kichwa kiliinama upande, kimeegemea hewa, hakigusi mto. Mama alipitisha kiganja hapo katikati.

Palikuwa na joto.

Juzi, akimchana nywele, kitana kikateleza. Mabaka matano madogo, hayana unywele hata mmoja. Moja limekaa upande, limeachana na mstari wa wenzake.

"Nani kakufanya hivi?"

"Bibi. Ananishikia."

"Anakushikia nini?"

"Ule mwanguko." Mtoto alisema polepole, kama anayesomewa maneno sikioni. "Kasema mkono umeanza kuchoka. Kasema ukimwambia mtu, anaachia."

Mama akainuka. Akafunga mlango, akafunga dirisha. Aliwaza simu ya daktari, akawaza sakafu, na povu, na macho yale meupe ya mwanawe. Akarudi, akapiga magoti kando ya kitanda. Hakumtazama mtoto. Aliitazama ile nafasi tupu juu ya mto.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Sisemi. Si kwa baba yake, si kwa daktari. Wewe shikilia tu. Sitamwambia mtu."