Panya wa Siku Kumi, Kifaranga wa Siku Tatu

"Kuku katoka bandani," redio ilinong'ona sikioni. "Mzigo unatoka mchana huu."

Popo alipapasa bastola yake ya Glock chini ya ovaroli ya fundi friji.

Wiki tatu mpelelezi huyu alikuwa akijifanya fundi ndani ya maabara ile. Kuna mtu alitaka kuwauzia wageni utafiti wa Daktari, mama aliyelinganisha viinitete, yaani mimba changa, vya panya na vya kuku ili ajue jeni zipi zinawaka mguu unapochipuka. Miaka sita ya kazi, masanduku mawili ya sampuli.

La kwanza alilikagua ndani ya friza. Lebo zilikaa sawasawa: panya siku ya tatu, kuku siku ya tatu. Safi.

La pili alilikuta mlango wa nyuma, mikononi mwa Daktari mwenyewe.

Popo alimpokonya, akalitua mezani, akafungua kifuniko; barafu ikafuka. Panya siku ya kumi. Kuku siku ya tatu.

Msimbo wa siri!

Akamfunga Daktari pingu kwenye bomba la maji. Wasaidizi akawatoa mpaka uwanjani. "Asirudi mtu mpaka niseme!"

"Kaka fundi!" Daktari, aliyemmiminia chai kila asubuhi, alimtolea macho. "Umerukwa na akili? Nalipeleka kwenye friza!"

"Mama, usinichezee. Siku kumi na siku tatu zinalingana vipi?"

"Kwani panya na kuku wanakua kwa mwendo mmoja? Tunalinganisha umbo, siyo siku! Panya wa siku kumi tumboni ndiyo kwanza mguu unachomoza, na kifaranga wa siku tatu ndani ya yai vilevile. Panya wa siku tatu ni kidonge tu, hata mgongo hana. Hapa hakuna mtu wa kuandika tatu kwa tatu."

Popo alihisi uso unamwaka.

Sanduku la friza lilikuwa feki, kazi ya mtu asiyeijua maabara. Na dakika kumi zilizopita yeye mwenyewe alimshikia mlango muuza gesi, akitoka na mitungi yake.

Alichomoka mbio. Daktari alipiga kelele nyuma yake. Hakusimama kusikiliza.

Pikipiki yake ya Yamaha. Gia. Kona mbili, kisha barabara kuu.

Alilifikia gari la gesi nje kabisa ya mji. Muuza gesi alichomoa bastola. Popo alimbana mkono kwa mlango mpaka ikadondoka. Mtungi mmoja ulifunguka kitakoni. Sanduku halisi lilikuwa ndani, barafu yake ikifuka.

"Mzigo ninao. Mtu ninaye," aliiambia redio.

"Kazi safi, Popo. Daktari anasemaje?"

Popo alitia mkono mfukoni kutafuta leso. Akagusa ufunguo wa pingu.

Aliporudi maabara alimkuta Daktari palepale, kifundo cha mkono kimevimba kwa kuvuta pingu. Sanduku la pili lilikuwa mezani, hatua mbili tu, asikoweza kufika, kifuniko wazi kama Popo alivyokiacha. Barafu ilikuwa imekwisha. Sampuli zote zilikuwa maji.

"Nilikuita ufunike," Daktari alisema kwa sauti iliyokauka. "Nilikuita sana, kaka fundi."

Alimfungua. Kisha akalifunika sanduku, kana kwamba bado kuna cha kuokoa.

Uwanjani wasaidizi, waliomwona akirudi na mwizi na sanduku, walimpigia makofi. Popo alivaa miwani yake myeusi, akapita katikati yao taratibu, bila kugeuka. Walimwona shujaa mwenye maringo. Yeye aliomba tu asitokee wa kumwambia avue miwani, akaiona aibu machoni mwake.